Je, Riwaya za Upelelezi Zafaa Nyumbani Mwetu?



Swali hili tulilolitia juu ya ukurasa si langu peke yangu. Wazazi wengi huliuliza, na huenda nawe ulijiuliza siku ulipomkuta mwanao amejifungia chumbani na kitabu chenye picha ya kisu au bastola juu ya jalada lake, sala ya alasiri yampita naye hana habari. Je, kitabu kama hicho ni cha kunyang'anywa, ni cha kuachiwa, au ni cha kusomwa naye pamoja? Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, nalo lilikuwa lile la kwanza. Leo nataka nikueleze kwa nini nimelibadili, na ni wapi sijalibadili.

Niruhusu nianze na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na shughuli ya harusi. Nyumba imejaa watu, wanawake wako uani wanakuna nazi na kukanda unga, watoto wanaingia na kutoka. Alasiri moja shemeji yangu akapiga ukelele kuwa bangili yake ya dhahabu haionekani. Ikatafutwa juu ya kabati, chini ya mito na ndani ya mifuko ya nguo, isionekane. Katika nyumba ile alikuwako binti mmoja aliyeletwa kutoka shamba kusaidia kazi, hata miaka kumi na minane hajatimiza. Hakuna aliyesema, "Ni huyu." Lakini macho yote yaligeuka upande wake, na macho, msomaji wangu, husema kabla ya ulimi. Haijaingia magharibi begi lake lilikuwa limekwisha kupekuliwa mbele za watu. Baada ya isha likaanza shauri la kusomwa Halbadiri ili mwizi aumbuke. Yule binti alilia usiku kucha, na alfajiri akatoka akaenda zake kwao. Kuondoka kwake kukahisabiwa kuwa ndio ushahidi uliokuwa ukingojewa.

Asubuhi ile mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na mitano, alinijia akaniuliza: "Ami, nani aliyeiona bangili mara ya mwisho? Ilikuwa mkononi au ilikwisha kuvuliwa? Na aliyeivua alikuwa akitaka kufanya kazi gani?" Nilimkemea. Nikamwambia mambo ya watu wazima hayamhusu, na kwamba hayo ndiyo mavuno ya vitabu vyake vya upuuzi. Nikaingia chumbani mwake, nikakitwaa kitabu kilichokuwa juu ya kitanda, nikakifungia sandukuni mwangu.

Siku ya tatu bangili ikapatikana chini ya kikapu cha vitunguu. Shemeji yangu aliivua alipotaka kukanda unga, akaiweka juu ya vitunguu, ikatumbukia, naye asikumbuke. Watu wakacheka, wakasema alhamdulillahi, na harusi ikaendelea. Juu ya yule binti hapana aliyetamka neno, nami nilikuwa mmoja katika walionyamaza.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nililifungua sanduku nikakitoa kile kitabu nilichokitia kifungoni, nikataka nijue ni wapi kijana alikopata yale maswali matatu ambayo sisi watu wazima hatukuwa nayo. Kilikuwa ni Mzimu wa Watu wa Kale. Nilikisoma mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

BWANA MSA NA MZIMU

Mtungaji wa kitabu hicho ni marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, akasaidia uhariri wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na tokea 1958 hadi 1968 akawa mhariri wa Mkulima. Kisa hiki cha kwanza cha upelelezi kilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58 yaliyotayarishwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 kikatoka kitabu. Baada yake vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mtungaji alifariki mwaka 1991, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, akutwa ameuawa penye mzimu wa watu wa kale, mahali ambapo wengi huogopa hata kupita. Mauti yatokeapo mahali kama pale watu hawaulizi tena. Mzimu umekasirika, basi. Nani atakwenda kumshitaki mzimu? Ndipo ajapo Bwana Msa na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, aanze kuuliza maswali madogo madogo yasiyo na kishindo: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na ajuaje? Najum yuko mahali petu sisi wasomaji. Aona tuyaonayo, auliza ambayo nasi tungeyauliza, na kwa hivyo twajifunza pamoja naye.

Nani aliyeua, sitakwambia. Siri ya kitabu ni amana, na mwenye kukieleza kitabu cha namna hii kisha akamtaja muuaji amewaibia wasomaji wake. Yatosha nikwambie kuwa katika riwaya hii mzimu hauui mtu. Mkono wa mwanadamu ndio uuao, na mwanadamu huyo hujificha nyuma ya hofu ya wenzake kama mtu ajifichavyo nyuma ya pazia. Hata Kisima cha Giningi chachukua jina lake kutoka hofu kama hiyo, kwani nani katika sisi tuliolelewa pwani asiyetishwa utotoni kwa mji wa Giningi na wachawi wake?

Hebu tulipime jambo hili kwa mizani ya dini yetu. Mara ngapi dhuluma imepita miongoni mwetu bila kuulizwa kwa sababu imevishwa nguo ya pepo, ya kijicho, au ya uchawi? Mtoto huugua, bibi kizee wa nyumba ya pili akaitwa mchawi. Mali ikapotea, tukaenda kwa mpiga ramli ili tutajiwe jina. Waandishi wa mimbari wametuhubiria juu ya mambo haya miaka na miaka. Huyu mwana wa Makunduchi naye aliyasema kwa njia yake, katika kisa ambacho kijana hukisoma bila kulazimishwa.

Sisemi kitabu hakina ila. Bwana Msa mara nyingine hulijua jambo ambalo sisi hatukuambiwa, kisha mwishoni hulitoa kama mtu atoaye sarafu nyuma ya sikio la mtoto. Msomaji huyo aliyetaka kufikiri pamoja naye hujiona kama aliyealikwa karamuni akafungiwa mlango. Mwisho nao huwa mrefu. Watu hukusanywa, Bwana Msa akahutubu, na mambo mengi ya sadfa yakaunganishwa kwa maneno badala ya vitendo. Lakini Kiswahili chake ni cha kuonjwa. Watu wake huzungumza kama watu wa Unguja wazungumzavyo barazani, kwa mzaha, kwa mafumbo na kwa kukatizana. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi mazungumzo yaliyo hai na asome hapo.

ASILI YA FANI HII

Wataalamu wa fasihi huihisabu fani hii ya upelelezi kuwa ilianza Marekani mwaka 1841, pale Edgar Allan Poe alipotoa kisa chake cha mauaji ya mtaa mmoja wa Paris. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle wa Uingereza akamleta Sherlock Holmes, naye ndiye aliyeeneza fani hii duniani. Mtu yeyote aliyemsoma Holmes atatambua ni wapi kilikotoka kile kiko cha Bwana Msa, na ni wapi alikotoka rafiki wa kufuatana naye. Kuazima si aibu. Jahazi letu lina tanga, na hatukuuliza nani aliyelitundika tanga la kwanza.

Lakini Doyle huyo huyo ana funzo jingine, na hili halimo katika riwaya zake. Mwaka 1917, huko Cottingley, Uingereza, wasichana wawili wa ukoo mmoja walitoa picha ya vijitu vidogo vyenye mbawa vikicheza bustanini. Doyle, mtu aliyemfundisha Holmes asikubali neno bila ushahidi, aliziamini picha hizo na nyingine zilizofuata, na mwaka 1922 akazitolea kitabu kizima. Mwaka 1983 wale wasichana, wakiwa wamekwisha kuwa vikongwe, walikiri kuwa vile vijitu vilikuwa ni vikaratasi vilivyochorwa, vikakatwa na kusimamishwa kwa pini. Basi tazama, msomaji! Mtu aweza kuandika vitabu vya ushahidi maisha yake yote, na siku moyo wake ukipenda jambo, asitake ushahidi tena. Akili peke yake haitoshi. Yataka na moyo wenye kuogopa kukosea.

KANZU TATU

Wako wasemao kuwa upelelezi ni mambo ya Wazungu na hauna mahali katika mila yetu. Hao nawaomba warejee Surat Yusuf. Hasha, Qur'ani si riwaya, na sifananishi maneno ya Mola na maneno ya viumbe. Lakini Mwenyezi Mungu ametusimulia humo mambo ili tuzingatie, na moja katika hayo ni namna ya kuutazama ushahidi.

Ndugu zake Nabii Yusuf, alayhis salaam, walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uwongo, wakasema mbwa mwitu amemla. Wafasiri wametueleza kuwa mzee Yaakub alistaajabu na mnyama mpole kiasi hicho, aliyemla mtu asiichane nguo yake. Kisha huko Misri Nabii Yusuf akasingiziwa na mke wa bwana wake. Ni nani mwenye cheo, ni yeye mgeni aliyenunuliwa sokoni au ni bibi wa nyumba? Lau mambo yangehukumiwa kwa macho ya watu, kama tulivyohukumu sisi siku ya bangili, yangekwisha pale pale. Lakini akatokea shahidi katika jamaa za yule bibi mwenyewe, akasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanika kwa mbele, bibi asema kweli, ikiwa imechanika kwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanika kwa nyuma. Kanzu ya tatu ndiyo iliyopelekwa kwa mzee Yaakub, macho yake yakarejea kuona.

Wala jambo halikuishia hapo. Pamoja na ushahidi ule, Nabii Yusuf alitiwa gerezani. Haya yataka tuyafikiri sana, kwa sababu kuujua ukweli ni jambo moja na kuusimamisha ni jambo la pili. Na siku mfalme alipomwita atoke, hakukimbilia mlangoni. Alitaka kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake, isafike. Mtu aliye gerezani akachagua kusafishiwa jina lake kabla ya kufunguliwa mlango! Hapo twajua jina la mtu lina thamani gani mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ukitaka mfano wa hekaya, uko katika Alfu Lela Ulela, nao ni mkongwe kuliko Holmes kwa karne nyingi: kisa cha matofaha matatu. Mvuvi wa mto Dijla avua sanduku, ndani yake mna maiti ya mwanamke. Khalifa Harun Rashid ampa waziri wake Jaafar siku tatu amlete muuaji, ama sivyo atanyongwa yeye. Jaafar hapelelezi chochote. Aketi nyumbani akingojea kufa. Mwisho muuaji ajileta mwenyewe, naye ni mume. Alisafiri mpaka Basra kumtafutia mkewe mgonjwa matofaha matatu, kisha akamwona mtumwa njiani na tofaha moja, akamwuliza, na yule akajigamba kwa uwongo kuwa amepewa na mpenzi wake. Mume akarudi nyumbani, akamwuliza mkewe tofaha la tatu liko wapi, naye akajibu kuwa hajui. Hakuuliza zaidi, akaua. Baadaye ndipo mtoto wake mwenyewe alipokiri kuwa alilichukua tofaha la mamake akaenda kulichezea njiani, akanyang'anywa.

Swali moja zaidi tu, msomaji: "Nani mwingine aliyeyashika matofaha haya?" na kisha kumngojea mtoto arudi. Roho ya mtu ilitegemea swali hilo. Ila ya hekaya hii, na haifai kuificha, ni kwamba uovu wabandikwa mtumwa mweusi, kama ilivyo katika hekaya nyingi za kitabu hicho, na mume aliyechinja kwa mkono wake aishia kuhurumiwa na Khalifa. Mzazi amsomeapo mwanawe na asipite hapo kimya.

KUPELELEZA NA KUDUKIZA

Hapa pana mtu atakayenikabili kwa hoja, na hoja yake ni nzito. Atasema: Surat al-Hujurat imetukataza tusichunguzane aibu zetu. Basi mpelelezi, ambaye kazi yake ni kuchunguza, si ndiye aliyekatazwa hasa?

Tuisome sura ile yote. Aya ya sita yatuamuru tuhakikishe tuletewapo habari na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya kumi na mbili yatukataza dhana nyingi, kuchunguzana na kusengenyana. Amri na makatazo hayo mawili hayapingani. La kwanza ni pale ambapo jambo limekwisha kutokea na mtu yuko katika hatari ya kudhulumiwa. Hapo kuuliza ni wajibu. La pili ni pale ambapo hakuna shitaka, mtu yuko nyumbani kwake na Mola wake, nawe wapanda ukuta kuchungulia. Husimuliwa kuwa Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, aliupanda ukuta wa mtu usiku akamkuta katika maasi, na yule mtu akamwambia kuwa yeye amekosa moja na Umar amekosa matatu: amechunguza, hakuingia kwa mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Kwa hivyo mpelelezi wa riwaya apimwe kwa kipimo hicho. Bwana Msa auliza juu ya damu iliyomwagika, si juu ya vitanda vya majirani, na afikapo kwenye siri ya nyumba ya mtu isiyohusu damu ile, yampasa aifunike. Mara nyingi hufanya hivyo. Mara nyingine hadithi humshinda, akaifunua. Hapo mzazi na aseme na mwanawe.

BASTOLA KABLA YA SWALI

Si riwaya zote zina subira ya Bwana Msa. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia jiji la Dar es Salaam. Kisha mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona na shujaa wake Willy Gamba, akafuatisha Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Baadaye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Vitabu hivi viliwavuta maelfu ya vijana wakasoma Kiswahili kwa hiari yao, na hiyo ni sifa ambayo hatuwezi kuwanyima. Tena Willy Gamba hapiganii tumbo lake. Apigana na majasusi waliotaka kuuzuia ukombozi wa Kusini mwa Afrika, wakati ambapo makaburu walikuwa bado watawala. Nia ni njema.

Lakini tazama njia yake. Chupa haiko mbali na mkono wake, wanawake hupita katika kurasa kama abiria wa gari, na watu hufa bila ya msomaji kuwajua majina. Zaidi ya hayo yote, Willy Gamba hakosei mtu. Akimdhani mtu kuwa adui, huyo ni adui. Risasi yake huthibitisha dhana yake. Hilo ndilo linitialo hofu kuliko chupa. Mtoto wa Kiislamu ajua tangu chuoni kuwa pombe ni haramu, na hakuna riwaya itakayomsahaulisha. Lakini nani atakayemwambia kuwa kumdhania mtu na kuwa na hakika naye si kitu kimoja, ikiwa shujaa wake kila siku hudhani na kila siku hupata? Kwa Bwana Msa swali hutangulia. Hata jina la kitabu chake cha 1984, Kosa la Bwana Msa, lakiri kuwa mjuzi naye hukosea.

Na riwaya za safari na hazina ziko vivyo hivyo. Wazee wetu waliosoma shule za ukoloni wakumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929 kutoka kitabu cha Rider Haggard cha 1885. Ni kisa cha kusisimua, sikatai. Wazungu watatu wavuka jangwa na milima wakitafuta almasi zilizofichwa katika machimbo yaliyonasibishwa na Nabii Sulayman, alayhis salaam. Lakini ndani ya kisa mna tuhuma isiyo na ushahidi: kuwa kila kazi kubwa ya mawe katika ardhi ya Afrika lazima iwe imefanywa na wageni. Wakati huo wengi wa Ulaya waliyadhania hivyo hivyo magofu ya Zimbabwe Kuu. Ikasadifu kuwa mwaka ule ule wa 1929 mchimbuzi wa Kiingereza, Gertrude Caton-Thompson, aliyafukua magofu yale na kuthibitisha kuwa yalijengwa na Waafrika wenyewe. Sisi watu wa pwani tuna fungu letu katika habari hiyo, kwani dhahabu ya nchi ile ilipitia Sofala na Kilwa, na sarafu ya Kilwa imeokotwa huko Zimbabwe Kuu. Msomaji wa riwaya na ajue basi kuwa hata taifa zima laweza kupekuliwa begi lake mbele za watu.

TUFANYE NINI?

Ukiniuliza leo kama riwaya hizi zafaa nyumbani, nitakwambia: kitazame kitabu kwa mambo matatu. La kwanza, je, kinamfundisha msomaji kuuliza kabla ya kutuhumu, au kinamzoesha kutuhumu kwa raha? La pili, je, aliyekufa katika kitabu ni mtu, ana aliyemlilia, au ni gogo tu la kuanzia hadithi? Dini yetu imeihisabu roho moja iliyouawa bila haki kuwa sawa na watu wote. Kitabu kiuacho watu kumi kwa kurasa tano kimekwisha kuisahau hesabu hiyo. La tatu, je, uchafu uliomo umo kwa sababu kisa hakisimami bila huo, au umetiwa ili kitabu kiuzike?

Kikifaulu, usimnyang'anye mwanao. Kisome naye. Mkifika karibu na mwisho, kifunge kitabu, umwulize: "Wamdhani nani? Kwa ushahidi gani?" Mwache aseme, kisha endeleeni. Atakosea, nawe utakosea, mtacheka. Hapo ndipo ilipo faida yote ya riwaya hizi, msomaji wangu. Kitabuni waweza kumdhania asiye na hatia na asidhurike mtu. Waona kwa macho yako jinsi dhana yako ilivyokuwa na nguvu, jinsi ulivyoapa moyoni kuwa ni fulani, na jinsi ulivyokuwa umepotea kabisa. Kukosea huko kwa kitabuni hakumtoi mtu machozi. Bora tukosee mara mia huko kuliko mara moja uani kwetu, khasa zama hizi ambapo tuhuma haitembei tena kwa miguu, bali huruka kwa simu na kufika mji wa pili kabla mtuhumiwa hajajua kuwa ametajwa.

Ama kusomwa Halbadiri juu ya mwizi asiyejulikana, masheikh wana maneno yao na sitaingia humo. Nasema hili tu: dua haikuzuii kutazama kikapuni.

Majuma mawili baada ya harusi nilipanda gari nikaenda shamba kwa wazee wa yule binti. Baba yake alinipokea vizuri, akanitolea mkeka na kahawa. Nikamweleza kuwa bangili imepatikana, na kwamba nimekuja kutaka radhi kwa niaba ya nyumba. Akanyamaza kitambo, akasema: "Sheikh, sisi tumesamehe. Lakini walioona begi la mwanangu likipekuliwa walikuwa wengi, na aliyekuja kusema kuwa bangili imepatikana ni wewe peke yako."

Sikuwa na jibu. Nilirudi mjini, nikamrudishia kijana kitabu chake, kisha mimi na shemeji yangu tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwako siku ile, tukiwaambia kuwa binti yule hakuchukua kitu. Wengine walikuwa wamekwisha kusahau. Wengine walikuwa bado wakikumbuka ile tuhuma, na habari ya bangili kupatikana hawakuisikia. Na ikiwa nawe, msomaji, una begi la mtu ulilolipekua, au ulilolitazama likipekuliwa ukanyamaza, basi mlango wa kwenda kusema haujafungwa.

Wabillahi tawfiq.